Vazi la Miaka Themanini

Siku ya tatu ya mkutano, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, nilikuwa na saa nne tu za kumkataa mwanamume ninayempenda.

Basi letu lilikuwa linaondoka saa kumi kamili za jioni. Nilikuwa nimeahidi kwamba kabla halijaondoka nitakuwa nimempa jibu, na kwamba jibu lenyewe litakuwa hapana. Ahadi hiyo sikumpa yeye. Nilimpa mama yake.

Acha nieleze taratibu, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa.

Mimi ni muuguzi. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi katika nyumba moja ya kulelea wazee, yenye vitanda thelathini na sita, na kila mtu pale ananiita Sista. Mwanamume mwenyewe ni mtaalamu wa viungo hapo hapo. Kazi yake ni kuwainua waliolala na kuwatembeza waliokata tamaa ya kutembea. Wazee wamempachika jina la Kidogo Tena, kwa sababu hayo ndiyo maneno yake. Ukinyanyua mguu nusu shubiri, anakuambia, "Kidogo tena, bibi." Ukivuka chumba kizima, "Kidogo tena, babu." Mzee mmoja wa kitanda cha nane alimwambia, "Wewe hata nikifa utanifuata kaburini uniambie nife kidogo tena."

Mama yake alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka alipostaafu. Mwaka jana aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akaletwa kwetu baada ya upasuaji. Siku ya kwanza tu alimkatalia mwanawe asimguse. "Siwezi kuamrishwa na mtu niliyemfunga nepi," alisema. Basi kwa miezi minne nikamtembeza mimi, korido nzima, kwenda na kurudi, na mwanawe akawa anasimama kule mwisho wa korido, mikono nyuma, anatazama. Nilidhani anatazama miguu ya mama yake. Ilifika mwezi wa tatu ndipo nikagundua kwamba macho yake hayakuwa yakiishia miguuni kwa mama yake.

Wiki moja kabla ya mkutano, tukikunja mashuka, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili, aliniambia anataka kunioa. Nilimwomba anisubiri mpaka mkutano uishe. Mimi ni mtu wa kufikiri polepole, na yeye analijua hilo.

"Nitasubiri," alisema. "Ila usikunje hilo shuka mara ya tano. Limeshakunjika."

Mkutanoni, mkutano wa mataifa kuhusu kulea wazee, tulikwenda wote watatu. Mimi nilikuwa na bango langu kuhusu wazee wanaoanguka: miaka sita nilikuwa nimeandika kwenye daftari kila aliyeanguka, saa ngapi, amevaa nini miguuni, alikuwa anafuata nini. Mwalimu alikuwa amealikwa kuzungumza kama mzee aliyepona. Yeye Kidogo Tena alikuja kumsindikiza mama yake, au ndivyo alivyoandika kwenye fomu ya ruhusa.

Asubuhi ya siku ya pili nilimkuta Mwalimu peke yake kwenye chumba cha chai cha hoteli, amekaa wima kama yuko mbele ya darasa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Akanisogezea kikombe. "Mtoto ameniambia."

Nilikoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari.

"Nakupenda," alisema. "Nataka uanze na hilo, kwa sababu nitakayoyasema baada ya hapo hayatafanana na upendo. Wewe una miaka arobaini na minne?"

"Ndiyo, Mama."

"Yeye thelathini na mitano. Utakapofika themanini, yeye atakuwa na mingapi?"

"Sabini na mmoja."

"Nani atamwinua nani?"

Yeye hakuwa na haraka. Aliniacha na swali lile kama alivyokuwa akiwaacha wanafunzi wake, nadhani.

"Baba yake alinizidi miaka kumi na minne," akaendelea. "Nilimuuguza miaka tisa. Wewe unaijua kazi hiyo kuliko mimi. Lakini wewe zamu yako ikiisha unakwenda nyumbani. Mimi zamu yangu ilikuwa humo humo nyumbani. Nilikuwa namgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, nimeweka saa ya mezani iniamshe. Sitaki mwanangu ayapitie hayo."

"Umeshamwambia yeye?"

"Nikimwambia atakuoa kesho asubuhi. Namjua. Ndiyo maana nakuomba wewe. Umkatae, kabla hatujapanda basi la kurudi. Umwambie ni uamuzi wako."

"Na kama si wangu?"

"Ufanye uwe wako, mwanangu."

Sikumkasirikia. Mtu aliyeamka kila baada ya saa mbili kwa miaka tisa ana haki ya kuogopa kwa niaba ya mtoto wake. Nilimwambia, "Sawa, Mama," nikanywa ile chai isiyo na sukari mpaka ikaisha.

Sasa nisikilize kuhusu ukumbi wenyewe, maana kama usingekuwa ukumbi ule, nadhani ningetimiza ahadi yangu bila matata.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Watu elfu tatu, kutoka nchi ambazo bendera zake sikuzijua, kila mmoja na kifaa cha kutafsiri sikioni, na wote wamekuja kuzungumza juu ya mambo niliyodhani nayahangaikia peke yangu. Glasi ya maji inayowekwa mahali mkono haufiki. Mzee anayeitwa mbishi kumbe hasikii. Daktari mmoja mwanamke, mfupi, aliyevaa raba, alizungumza dakika arobaini nzima juu ya kisigino. Kisigino tu! Namna ya kukiinua kisiguse godoro, namna kinavyoanza kuwa chekundu kabla hakijaoza. Watu elfu tatu wakasikiliza habari za kisigino kwa kimya cha nyumba ya ibada. Machozi yalinitoka, nikasingizia kiyoyozi.

Alasiri hiyo, profesa mwenye miaka tisini na mmoja, bado anafanya kazi, alisimama mbele ya bango langu akalisoma lote, kuanzia juu mpaka chini, kidole chake kikifuata mistari. Kisha akaniuliza, "Nani alikufundisha kufanya hivi?"

"Hakuna, mzee wangu. Nilikuwa naandika tu."

Akalisoma tena kuanzia juu.

Na siku hii ya tatu, saa nne asubuhi, Mwalimu mwenyewe alipanda jukwaani. Walimletea kiti cha magurudumu, akakipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi. Alikwenda na fimbo yake, hatua kumi na saba, nilizihesabu zote huku pumzi nimeibana, na ukumbi mzima ukazihesabu pamoja nami. Alipofika kwenye mikrofoni akasema, "Nimepewa dakika tano. Nilipokuwa nafundisha nilipewa arobaini na bado kengele ilinikuta katikati ya sentensi, kwa hiyo mnivumilie."

Walicheka, kisha wakacheka tena wale waliokuwa wakisubiri tafsiri.

"Nilipoanguka," alisema, "kila mtu aliniuliza panauma wapi. Daktari, mtoto wangu, majirani. Mtu mmoja tu aliniuliza nataka kwenda wapi. Nikamwambia nataka kufika getini nione wanaopita. Basi, tukaenda getini. Ilituchukua wiki kumi na moja. Yule pale, safu ya sita, mwenye kitambaa cha bluu."

Watu elfu tatu wakageuka. Walinipigia makofi mimi, na mwanamke aliyewaamuru kwa kidole chake ni yule yule aliyeniomba nimwondoe mwanawe maishani mwangu kabla ya saa kumi. Nilikaa pale nimeinamisha uso. Nilikuwa sijui mtu anaweza kuheshimiwa kiasi kile na kukataliwa kwa wakati mmoja na moyo mmoja.

Saa sita, watu walipotoka kwenda kula, nilimtafuta Kidogo Tena. Nilikuwa na mpango. Maneno si kipaji changu, lakini siku ya kwanza nilikuwa nimeona banda moja kwenye ukumbi wa maonyesho, na tangu ile chai na Mwalimu nilikuwa nalifikiria. Juu yake kulikuwa na bango: UWE NA MIAKA THEMANINI KWA DAKIKA TANO.

"Nifuate," nilimwambia.

"Chakula je?"

"Baadaye."

"Sista kuacha chakula!" alisema akinifuata. "Leo kuna jambo."

Banda lilikuwa la vazi la uzee, linalotumiwa kuwafundishia wauguzi wapya. Kulikuwa na kiti, na mbele ya kiti, mita tatu, mstari wa manjano sakafuni. Sisi tunaoifanya kazi hii tunaijua ile mita tatu kama jina letu: inuka, tembea mpaka mstarini, geuka, rudi, kaa. Anayezidi sekunde kumi na mbili yuko hatarini kuanguka, na kitandani pake tunatundika kadi nyekundu.

Msimamizi wa banda, dada mchangamfu mwenye sauti ya kuuza sokoni, alinishika mabega. "Karibu, dada yangu! Unataka uzee wa kawaida au ule wenye magoti mabovu?"

"Wote," nilisema.

"Ana roho ngumu huyu," Kidogo Tena alimwambia. "Mtilie na mgongo."

Alinivika fulana yenye vyuma ndani. Akanifunga vizito miguuni na mikononi, mikanda magotini na kwenye viwiko ili visikunjike vizuri, kola ngumu shingoni, glovu juu ya glovu. Akanipindisha mgongo kwa mkanda uliovuta mabega mbele. Akanivalisha miwani ya manjano yenye ukungu katikati. Mwisho akaniziba masikio, na ukumbi wote ukaenda mbali, kama umefungiwa chumba cha pili.

Nilimwelekeza Kidogo Tena kwa mkono asimame kwenye mstari. Nikakaa kitini.

Mpango wangu ulikuwa huu: nitainuka, nitamwendea, atanitazama kama nitakavyokuwa, na nitakapofika mbele yake nitamwambia, unaona? Hiyo ndiyo sababu. Basi. Ingetosha.

Sikuweza kuinuka.

Nilijaribu mara ya kwanza nikarudi kitini. Miaka kumi na tisa nimewaambia watu, "Inuka taratibu, bibi, usiogope," na sikuwahi kujua kwamba hofu inaanza kabla ya kuinuka, pale unapoitazama sakafu na kuiona imekwenda chini kuliko ilivyokuwa. Mara ya tatu nikasimama. Sikuiona miguu yangu. Nilijua ipo kwa sababu ilikuwa mizito. Nikawakumbuka wale wangu thelathini na sita. Kila asubuhi wananitania, wananiuliza nimeota nini, mmoja ananiimbia, wakiwa ndani ya kitu hiki. Ndani ya kitu hiki hiki! Nilitaka kurudi siku hiyo hiyo niwaombe radhi mmoja mmoja, kitanda kwa kitanda.

Nilikwenda. Sijui ilikuwa hatua ngapi. Yeye alikuwa kivuli kule mbele, bila uso, kwa sababu ukungu wa miwani ulikuwa mahali pake hasa. Nilimwendea kivuli. Na nilipomkaribia, kichwa changu kikiwa kimeinama, kitu cha kwanza nilichokiona vizuri kilikuwa mkono wake. Alikuwa ameshika ile saa ya kupimia anayoivaa shingoni. Kidole gumba chake kikabonyeza.

"Umenipima?" nilisema.

Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Umenipima! Sekunde ngapi?"

Midomo yake ilitikisika. Nikagonga sikio langu kwamba sisikii. Akapaza sauti. "Ishirini na saba!" Halafu, kwa ile tabia yake ya kusema kweli hata pasipohitajika, akaongeza, "Na bado hujageuka!"

"Kadi nyekundu," nikasema.

"Sista..."

"Kadi nyekundu! Umeona? Ndivyo nitakavyokuwa, na wewe utakuwa na sabini na mmoja, na kila siku itakuwa kunipima na kuniinua. Mama yako amesema kweli. Siwezi kukufanyia hivyo. Nimemwahidi nitakukataa kabla ya saa kumi, na sasa nakukataa!"

Mimi ni mtu wa sauti ndogo. Kazini wazee huniambia niongee kama nimekula. Sikujua kwamba mtu aliyezibwa masikio hajisikii anavyopiga kelele. Nilipoona watu wa banda la vitanda wamegeuka, na wa banda la viti vya magurudumu, na wageni wawili wenye vifaa vya kutafsiri wakivigusa kuona kama vinafanya kazi, ndipo nikajua.

Na nyuma yao nikamwona Mwalimu, amesimama na fimbo yake.

Dada wa banda, maskini, alinifungua masikio, sauti zote zikanirudia kwa pamoja, kisha akajaribu kuokoa hali. "Mama, karibu nawe ujaribu!"

"Nijaribu nini, mwanangu?" Mwalimu alisema. "La kwangu silivui."

Akasogea.

"Mama," Kidogo Tena alisema. Hakupaza sauti. "Ulimwomba anikatae?"

"Nilimwomba."

"Bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa ndiyo." Akanigeukia mimi. "Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema sawa."

"Sawa tu? Kama umeagizwa chumvi?"

"Hesabu yake ni sahihi," nilisema. "Niangalie. Umeniona hivi kwa mara ya kwanza, na kitu cha kwanza ulichofanya ni kunipima."

Aliiachia ile saa ikaning'inia shingoni. Nilidhani nimemshinda, na kushinda kukaniuma.

"Mimi napima kila mtu," akasema mwishowe. "Nimempima yule profesa akipanda ngazi. Nimempima anayegawa chai. Niko dukani napima foleni. Kidole hiki hakina akili, Sista, kinabonyeza chenyewe. Lakini unataka kujua nilikuwa nawaza nini ulipokuwa unakuja?"

"Kwamba nitaanguka."

"Hapana. Nilikuwa nawaza, jamani, anakuja kwangu. Ulikuwa huwezi hata kuinuka, na ulipoinuka ukaja kwangu. Nikasema moyoni, hata ikichukua siku nzima, nipo. Basi. Sikuwaza kadi yoyote."

Nilishindwa kumtazama. Kola haikuniruhusu kugeuza shingo, kwa hiyo niligeuka mwili mzima, hatua ndogo ndogo kama saa ya ukutani, mpaka nikawa namwelekea Mwalimu. Nilikuwa na swali moja, na ingawa lilikuwa la kukosa adabu, nililiuliza kwa adabu yote niliyokuwa nayo.

"Mama. Siku ile ulipomkubali baba yake. Kama mtu angekuonyesha kwanza ile miaka tisa, yote, na saa ya mezani, ungemkataa?"

Mwalimu aliketi kwenye kiti cha banda, polepole, mkono mmoja nyuma ukitafuta kiti kama nilivyomfundisha. Alikitazama kile kistari cha manjano sakafuni. Dada wa banda alikuwa ameshika kola ya akiba kifuani kama anasikiliza hadithi redioni.

"Ningemkubali mapema zaidi," alisema.

Kidogo Tena alisogea karibu na kiti cha mama yake.

"Hamjui haya," Mwalimu akaendelea, bila kututazama. "Mama mkwe wangu alitukawiza miaka mitatu. Alinifuata nyumbani, akaniambia, binti, mwanangu ni mkubwa mno kwako, atakuachia ujane. Akaniomba mimi nimkatae. Yeye hakumwambia kitu, alijua mwanawe mbishi." Hapo akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Na alisema kweli. Ujane niliachiwa. Lakini ile miaka mitatu, ambayo alikuwa na miguu mizima na anacheka mpaka anashika ukuta, hiyo hakuna aliyekuja kunirudishia. Nimeikumbuka leo, nilipomwona huyu akihangaika kuinuka kwenye kiti."

Akanyoosha mkono akagusa kizito cha mguuni kwangu kwa ncha ya fimbo.

"Na hili vazi lenu, binti," alimwambia dada wa banda, "lina kosa. Mnampa mtu yote kwa siku moja. Mimi sikupewa hivyo. Nilipewa goti, nikalizoea. Nikapewa sikio, nikalizoea. Na katikati hapo nilikuwa nakula, nagombana na majirani, nalea, nacheka. Muandike hilo kwenye karatasi zenu."

"Nitaandika, Mama," dada alisema, na kweli akatafuta kalamu.

"Sista. Weka mguu hapa." Alipiga paja lake.

"Mama, usiiname, nyonga yako..."

"Siinami. Ndiyo maana nakwambia uweke hapa. Umenifunga viatu miezi minne, leo nikikufungua hiki kidude kuna ubaya gani?"

Nilijaribu kuinua mguu. Haukufika.

"Kidogo tena," Kidogo Tena alisema, kisha akajishika mdomo. Mama yake alimtazama, mimi nikamtazama, tukacheka wote watatu, na yeye akainama akanishika kisigino kwa viganja viwili, taratibu, akakipandisha mpaka pajani kwa mama yake. Vidole vya Mwalimu vilikuwa vimepinda na mkanda ulikuwa mgumu. Alihangaika nao. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu alitukataza kwa jicho. Ulipoachia, akasema, "Mwingine."

Kisha akasema, akiwa bado anafungua ule wa pili, "Lile ombi langu la jana. Lifute."

"Mama?"

"Nimekosea hesabu. Nilitoa tu, sikujumlisha. Lifute."

Dada wa banda akanivua vilivyobaki: glovu, miwani, kola, na mwisho ile fulana ya vyuma. Ilipotoka mabegani, mwili wangu ulipanda juu wenyewe. Sikuwa nimetegemea. Mikono ilielea. Niliuona uso wa kila mtu, nywele moja moja, nyuzi za kola ya shati la Kidogo Tena, na kovu dogo chini ya kidevu chake ambalo sikuwahi kuliuliza. Nilipumua, na pumzi ikaingia mpaka chini kabisa. Kwa siku mbili nilikuwa nimeitamka arobaini na minne kama ugonjwa. Arobaini na minne! Nilikuwa na magoti. Nilikuwa na macho. Nilisimama pale mikono mbele yangu, nikivitazama vidole vyangu vikifunga na kufungua, nikastaajabu kama mtu aliyeonyeshwa nyumba akaambiwa ni yake.

Kidogo Tena alikuwa amerudi kule kwenye mstari, kumpisha dada afanye kazi yake. Nilimwendea. Zile mita tatu sikuzihisi, karibu nimpite. Nilisimama karibu naye kuliko inavyofaa mbele ya watu.

"Umekuja haraka," alisema.

"Sitakuja haraka hivi siku zote."

"Najua. Nimeshaona."

"Kuna siku nitakuita na hutasikia."

"Utapaza sauti. Leo tumejua unaweza."

"Na nitazeeka kabla yako."

"Kwa miaka tisa tu. Nitakufuata."

Nilimtazama vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu zile siku za korido, sikuona haja ya muda wa kufikiri.

"Basi ndiyo," nilisema.

"Ndiyo ya lile la mashuka?"

"Ndiyo ya lile la mashuka."

Alifumba macho. Hakunishika, hakupiga kelele, alifumba macho tu na kusimama hivyo, na midomo yake ikawa inasema kitu ambacho hakikuwa cha masikio yangu. Nyuma yangu dada wa banda alikuwa anajifuta machozi kwa glovu.

"Mmemaliza?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa ameshainuka. "Watu wamekula wamemaliza, na zile ngazi za kushukia kule sizipendi. Sista, njoo hapa."

Nilikwenda upande wake wa mguu mbaya, nikamshika kama ninavyomshika siku zote, mkono mmoja chini ya kiwiko, mwingine tayari mgongoni kwenye mkanda wa sketi.

"Hapana," alisema. "Hivyo unamshika mgonjwa."

Sikuelewa. Akauchukua mkono wangu mwenyewe, akaupitisha kwapani mwake, akaukunja juu ya wake, akaupigapiga mara mbili ukae hapo.

"Nishike hivi," alisema. "Kama watu wanaotembea."

Akaniegemea. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomjua. Tukaanza kwenda kwa mwendo wake, katikati ya mabanda na wageni wa nchi zote, mwanawe akitutangulia kutufungulia njia kwenye watu na kila baada ya hatua chache akigeuka nyuma kututazama, mpaka mama yake akamwambia aangalie anakokwenda.